Povu la Babu

Mtoto wa dada yangu tunamwita Babu. Amepewa jina la marehemu baba yetu, na mama hawezi kulitamka jina la mumewe hivi hivi kumwita mtoto anayemwaga uji. Kwa hiyo mtu wa miaka mitano anaitwa Babu, watu wanampa shikamoo ya utani, naye anaitikia marahaba bila hata kutabasamu.

Mwaka juzi, mvua za vuli zilipoanza, Babu akawa anaamka na macho yamevimba. Asubuhi kope zimejaa kama za mtu aliyelia usiku kucha. Ikifika adhuhuri uso umerudi, lakini soksi zinamwachia alama kwenye vifundo vya miguu. Mimi ni mtu wa maabara, nimekaa na hadubini na chupa za sampuli kwa miaka kumi na moja, na bado nilimtazama nikasema: aleji, vumbi hilo. Nikamnunulia dawa ya matone. Mama akasema amekula udongo. Jirani akasema safura. Kati yetu sote jirani ndiye aliyekuwa karibu na ukweli, maana yeye angalau alijua kwamba uvimbe ule hautoki machoni.

Wiki ya pili dada akanipigia simu. "Mdogo wangu, hebu njoo umtazame mwanao. Akikojoa chooni panatoka povu kama nimemwaga sabuni ya unga."

Povu. Hapo nilijua kosa langu kabla hata sijavaa viatu.

Siku hiyo stripu za mkojo, vile vijikaratasi vya njano vinavyogeuka kijani vikikuta protini, zilikuwa zimetuishia kazini, kwa hiyo nilifanya kipimo nilichofundishwa chuoni na ambacho nilidhani sitakifanya tena. Unajaza mkojo kwenye neli ya kioo robo tatu. Unashika chini, unainamisha, unachoma sehemu ya juu tu kwenye taa ya spiriti. Chini panabaki baridi ili uwe na cha kulinganishia. Mkojo wa Babu ulikuwa safi wa manjano, unaona mpaka upande wa pili. Ulipoanza kuchemka, sehemu ya juu ikapauka, ikawa ukungu, ukungu ukawa mzito. Nikadondosha matone matatu ya asidi ya asetiki, kwa sababu wakati mwingine ukungu huo ni fosfeti tu, na fosfeti ikionja asidi inatoweka. Huu haukutoweka. Uliganda vipande vyeupe, kama ute wa yai kwenye maji ya moto. Na kwa kweli ni kitu kilekile: protini iliyopikwa. Ya yai inatoka kwenye yai. Ya Babu ilikuwa albumini, iliyotakiwa kuwa kwenye damu yake.

Daktari wa watoto hakuchukua muda mrefu. Uvimbe, protini nyingi kwenye mkojo, albumini ya damu imeshuka: nefrotiki. Akaandika prednisoloni, vidonge vingi vya kumeza kila asubuhi, na akamwambia dada apunguze chumvi. Nikamuuliza kama watachukua kipande cha figo kukitazama. Akasema kwa mtoto wa umri huu mwenye dalili hizi wanaanza na dawa. Sindano ya figo ni kama dawa ikikataa. Sawa. Lakini mimi nilibaki na swali la mtu wa maabara: ni kitu gani hasa kimeharibika mle ndani?

Nilichokuwa nacho kichwani ni picha ya shule. Figo ni chujio. Mwalimu anachora kitu kama chekecheke, juu anaweka miduara mikubwa, chini miduara midogo, mikubwa inabaki, midogo inapita. Kwa picha hiyo ugonjwa wa Babu ni rahisi kuueleza: chekecheke limetoboka. Nami ndivyo nilivyomweleza dada, na nilikosea.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo inayoonyesha jinsi kazi yenyewe ilivyo ya ajabu. Kila figo ina vichujio kama milioni moja. Kila kimoja ni kishada cha mishipa myembamba kilichojikunja ndani ya kikombe. Vishada hivyo viliandikwa kwa mara ya kwanza na Marcello Malpighi wa Italia katika karne ya 17, na kikombe kikachukua jina la Mwingereza William Bowman, aliyekieleza mwaka 1842. Kwa siku, figo za mtu mzima zinachuja karibu lita 180. Sehemu kubwa inarudishwa kwenye damu, tunabaki na lita moja na nusu hivi ya kukojoa. Sasa kila lita ya majimaji ya damu ina gramu 40 hivi za albumini. Zidisha mwenyewe: hizo lita 180 zilikuwa zimebeba zaidi ya kilo saba za albumini, kila siku. Na katika mkojo wa mtu mzima mwenye afya, protini zote kwa siku hazifiki hata robo ya gramu. Chekecheke gani linaweza kufanya hivyo bila kuziba? La unga tu, ukichekecha kilo mbili, unaanza kuligonga kiganjani.

Ukuta wenyewe una tabaka tatu. La kwanza, upande wa damu, ni seli za mshipa zenye vitundu vikubwa. Vinazuia seli za damu, albumini haivioni. La pili ni utando wa msingi, kama jeli iliyokazwa. La tatu, upande wa mkojo, ni podosaiti, na hapo ndipo makala hii inapoishia kukaa, kwa sababu hapo ndipo mambo ya Babu yalipo.

Podosaiti ni seli yenye umbo ambalo sijui nani angelibuni. Mwili wake unaning'inia ndani ya kikombe, umezungukwa na majimaji yaliyochujwa, mkojo ambao bado haujakamilika. Kutoka kwenye mwili inatoa mikono minene, kila mkono unatoa vijiguu vidogo vingi, na vijiguu hivyo vinakanyaga juu ya utando wa msingi na kuuzunguka mshipa. Lakini havikanyagi kila seli peke yake. Kijiguu cha seli hii kinaingia kati ya vijiguu viwili vya jirani, cha jirani kinaingia kati ya viwili vya huyu, kama unapokunja vidole vya mikono miwili. Kwa mtu wa pwani mfano ni rahisi: ni kifumbu. Si kile cha plastiki chenye matundu kinachouzwa siku hizi, ni kile cha ukindu cha kuchujia tui. Kifumbu hakina tundu hata moja lililotobolewa na mtu. Kina ukindu uliopita juu na chini, na tui linapita palipobaki kati ya ukindu na ukindu.

Nafasi iliyobaki kati ya kijiguu na kijiguu ina upana wa nanomita 40 hivi. Unywele mmoja ungeweza kupangiwa nafasi kama elfu mbili upande kwa upande. Hata hivyo 40 ni nyingi kwa albumini, ambayo ina upana wa nanomita saba tu. Kungekuwa na uwazi mtupu pale, ingepita ikicheza. Uwazi si mtupu. Umefungwa kwa utando mwembamba ajabu, utando wa mwanya, na mwaka 1974 watafiti Rodewald na Karnovsky walipoutazama kwa hadubini ya elektroni waliuona kama zipu: mhimili katikati, meno huku na huku. Meno hayo yalikuja kupata jina mwaka 1998, timu ya Karl Tryggvason ilipokuwa inatafuta chanzo cha ugonjwa unaowapata watoto wachanga wa Finland, mtoto mmoja kati ya takriban 8,000 hadi 10,000, wanaozaliwa wakiwa tayari wanamwaga protini. Walikuta jeni moja imeharibika. Protini yake wakaiita nefrini. Nefrini ya seli hii inatoka kwenye kijiguu, inashikana na nefrini ya jirani katikati ya uwazi. Mtoto asiye nayo hana zipu.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza. Kumbe swali lenyewe lilikuwa bado. Nefrini inajuaje mahali pa kukaa? Kijiguu kina kichwa, mbavu na unyayo. Nefrini haikai kichwani, haikai unyayoni. Inakaa kwenye mstari mmoja tu ubavuni, karibu kabisa na sakafu. Nani ameuchora mstari ule?

Hapa lazima nitoke kidogo kwenye figo.

Seli nyingi za mwili zinazojipanga safu kufunika kitu zina juu na chini. Seli ya utumbo, kwa mfano, upande wa juu unatazama chakula, upande wa chini unatazama damu. Milango ya kuingizia sukari iko juu, milango ya kuitolea iko chini. Zikichanganyika, sukari itaingia na kutoka kwa mlango uleule, na wewe utashiba bila kupata kitu. Hali hii ya seli kuwa na pande mbili zisizofanana ndiyo inayoitwa polariti. Na baina ya juu na chini lazima pawe na mpaka, ili mali ya huku isihamie kule. Katika seli ya kawaida mpaka huo uko karibu na dari: seli zinabanana na jirani zake pale juu kwa mshono usiopitisha maji, na mshono huo ndio mpaka.

Vitu vinavyolinda mpaka havikugunduliwa kwenye figo hata kidogo. Mwaka 1988 Ken Kemphues na wenzake walieleza minyoo midogo ya milimita moja ambayo yai lake, likigawanyika, linashindwa kutofautisha mbele na nyuma. Jeni zilizoharibika wakaziita Par. Kwa nzi wa matunda ikapatikana nyingine, ambayo ikikosekana ngozi ya kiluwiluwi inasagika kuwa chembechembe. Wakaiita Crumbs, makombo. Napenda sana tabia hii ya watu wa nzi, wanaita jeni kwa jina la balaa linaloletwa na kutokuwepo kwake. Ni kama ungeita breki "Ajali".

Sasa rudi kwenye figo ya mtoto aliye bado tumboni. Podosaiti haianzi na vijiguu. Inaanza kama seli ya kawaida kabisa, ndefu, iliyosimama safu na wenzake kama matofali ya wima, mshono uko juu karibu na dari kama seli zote za heshima. Halafu mshono unaanza kushuka. Unatelemka ubavuni, taratibu, na kadiri unavyoshuka, kuta za seli jirani zinaachana juu yake na maji yanaingia kati yao. Upande wa juu wa seli unapanuka, unafunika kichwa, unafunika mbavu, mpaka mshono unafika chini kabisa, mlangoni pa utando wa msingi. Huko chini seli zinatoa vijiguu na kuingiliana, na mshono, ambao kazi yake ilikuwa kutopitisha kitu, unageuzwa kuwa utando wa mwanya.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu, usiku, taa ya simu ikiwa inazima. Maana yake ni kwamba utando wa mwanya ni ule mpaka wa juu na chini, uliohamishiwa sakafuni. Juu ya zipu ni "juu" ya seli, chini ya zipu ni "chini" yake. Na majimaji ya damu, zile lita 180, yanapita hapo hapo mpakani. Mwili haukutoboa chujio mahali. Uliuchukua mstari ambao kila seli ya aina hii inao, ukaushusha, ukaulegeza kiasi cha maji kupita na albumini kubaki.

Ukilielewa hilo, mengine yanajipanga yenyewe. Kichwa na mbavu za kijiguu, ile sehemu ya "juu", zimepakwa podokalisini, protini yenye chaji hasi nyingi, nazo chaji hasi zinasukumana, kwa hiyo vijiguu haviegemeani. Unyayo una vishikio vya kung'ang'ania utando wa msingi. Kila kitu na upande wake. Miaka ya 1970 watafiti walipitisha kwenye figo za panya kemikali yenye chaji chanya, protamini, inayozima zile chaji hasi. Ndani ya dakika chache vijiguu vikalala. Walipoipitisha heparini, inayoinasa protamini, vikasimama tena. Na mwaka 2009 kundi la Freiburg, Ujerumani, liliwaondolea panya, kwenye podosaiti peke yake, kimeng'enya kinachofanya kazi bega kwa bega na zile Par za minyoo. Nefrini ilikuwapo. Utando wa msingi ulikuwapo. Kilichokosekana ni mlinda mpaka tu. Panya wale walimwaga protini, wakavimba, wakafa wakiwa na umri wa wiki chache. Mwaka 2015 ikathibitika kwa binadamu: watoto wenye kasoro kwenye jeni ya CRB2, ndugu wa ile Crumbs ya nzi, wanapata nefrotiki ambayo prednisoloni haiigusi.

Kwa hiyo lile chekecheke la mwalimu linanikera sasa. Chekecheke ukiliacha kabatini mwaka mzima utalikuta chekecheke. Chujio la figo ni umbo ambalo seli inalishikilia saa zote, huku damu ikilisukuma kwa kila pigo la moyo, na inaweza kulishikilia kwa sababu inajua juu ni wapi na chini ni wapi. Na podosaiti ikifa, mwili hauna utaratibu wa maana wa kuweka nyingine. Zilizobaki zinajinyoosha kufunika pengo.

Babu sasa. Ugonjwa wa aina yake, ukitazamwa kwa hadubini ya kawaida, hauonyeshi kitu. Nimewahi kutazama slaidi ya figo ya mgonjwa wa namna hiyo nikiwa mwanafunzi, na mwalimu akacheka tulipokuwa tunahangaika kutafuta kasoro. Hakuna tundu, hakuna kovu. Mwaka 1957 Marilyn Farquhar na wenzake walipotumia hadubini ya elektroni ndipo kasoro ilipoonekana: vijiguu vimepotea. Havikukatika. Vimelala, vimejaa, vimeungana kuwa bapa moja pana lililofunika utando wa msingi kama chapati kwenye kikaango. Zile zipu zimepungua, na kati ya seli na seli mshono wa zamani usiopitisha maji unaanza kurudi. Ni kama seli imerudi utotoni, mpaka umeanza kupanda tena.

Na hapa pana kitendawili kilichonifurahisha kuliko yote. Vijiguu vikilala, nafasi za kupitia zinapungua. Chujio linafunikwa zaidi, na ndipo linapovuja. Kwa chekecheke la mwalimu hilo halielezeki. Wazo moja linalonikaa ni kwamba vijiguu vilivyosimama vinaukandamiza utando wa msingi dhidi ya msukumo wa damu, na jeli iliyokandamizwa inabana hata albumini isipenye. Aliyewahi kukamua nazi anajua: machicha yakiwa huru kwenye maji, tui linatoka na chicha, ukiyakamua kwa kiganja, machicha yenyewe yanakuwa chujio. Vijiguu vikilegea, mkono umeachia.

Nani aliyevilaza vya Babu? Zamani ilisemwa "haijulikani" na kitabu kikafungwa. Lakini utafiti uliotoka 2022 ulikuta kingamwili dhidi ya nefrini kwenye damu ya baadhi ya wagonjwa, na mwingine mkubwa zaidi, wa 2024, ukazikuta kwa wengi wa watoto wenye ugonjwa huu, wakati umewaka. Askari wa mwili wenyewe wanaishambulia zipu. Prednisoloni inawatuliza askari, na inaonekana pia inazisaidia podosaiti moja kwa moja. Kama ndivyo ilivyokuwa kwa Babu siwezi kuapa, hakuna aliyeitazama figo yake, na mungu atujalie isihitajike.

Nilimweleza dada haya yote upya, kwa sababu nilikuwa nimemwambia figo ya mwanawe imetoboka, na alikuwa analala na neno hilo. Nilitumia kifumbu. Mama alikuwa anasikiliza, akaniuliza, "Kwa hiyo hakijachanika?" Nikamwambia hapana mama, kimelegea. Akaendelea kuchambua mchele. Jioni nikamsikia akimwambia jirani kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba figo ya mjukuu wake imelegea tu.

Dawa ilifanya kazi. Babu alivimba mashavu, mara hii kwa vidonge, akala kama mtu anayelipwa kwa sahani, akakasirika bila sababu. Dada alinunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akapiga mistari: tarehe, stripu, vidonge. Wiki ya tatu kijani kikawa kinafifia, kisha njano, njano, njano. Siku tatu mfululizo za njano ndiyo hesabu ya daktari ya kusema ugonjwa umetulia. Miezi saba baadaye akapata mafua, na siku ya nne ya mafua kijani kikarudi, plasi tatu. Dada alilia. Mimi nilikuwa nimeshasoma kwamba inarudi kwa watoto wengi, na haikunisaidia chochote.

Siku hizi anachovya stripu mwenyewe. Kipimo cha protini kinasomwa baada ya sekunde sitini, na kuhesabu mpaka sitini Babu amejifunzia chooni, kabla ya shule kumfundisha. Anaruka arobaini na saba kila siku, sijui kwa nini. Jumamosi iliyopita nilikuwepo. Alishika stripu juu kama mshumaa, tukahesabu pamoja, akaiweka karibu na rangi za kwenye kopo, akainamisha kichwa.

"Mama mdogo, vijiguu vimesimama?"

Ilikuwa njano, yenye kivuli kidogo sana cha kijani pembeni, ile ambayo kazini ningeiandika "kidogo" na kuendelea na sampuli inayofuata. Niliigeuza kwenye mwanga wa dirisha mara mbili. Nikamwambia aandike kidogo, na kesho tutahesabu tena, na arobaini na saba tuitaje.